Pawasaplai tatu zimekufa, sasa nichukue mazabodi ipi?

Mkuu, nimekusoma. Una prosesa ya Core i5-9400, RAM gigabaiti 16 za DDR4 na kadi ya picha ya kawaida. Pawasaplai ya tatu, yaani kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, imezima, fundi kakwambia tatizo ni mazabodi (ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM), na sasa unataka kujua uchukue bodi ya aina ya H310 mpya au B365 iliyotumika. Nitafika huko. Ila mimi nilipita njia hiyo hiyo na prosesa ya kizazi hicho hicho cha tisa, nikanunua bodi mbili kabla ya kugundua kwamba nilianzia mkiani.

Pawasaplai yangu ya kwanza ilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. "Pa!" moja, harufu, kwisha. Ilikuwa ile iliyokuja na kesi. Ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu, ila pembeni imeandikwa wati 500. Nami kwa ubahili nikanunua nyingine ya aina ile ile. Hiyo ikadumu kama miezi mitano. Haikulipuka, ila ilianza kuizima kompyuta kila nikicheza gemu, mwisho ikagoma kabisa. Nilipochungulia ndani kupitia matundu ya feni niliona kapasita tatu (vile vikopo vinavyohifadhi umeme) zimevimba vichwa na moja imetoa maji ya kahawia. Nasema kuchungulia, sikusema kufungua. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na hiyo haina mzaha.

Ya tatu nikajikaza, nikanunua nzuri. Nikafunga, nikabonyeza: feni ikajigeuza robo mzunguko, ikasimama. Nikabonyeza tena, robo mzunguko, kimya. Nikasema basi, nyumba hii ina mkosi, nikamgawia jirani ile pawasaplai kama chuma chakavu. Jirani akaifunga kwenye mashine yake na mpaka leo anaitumia.

Yaani ile ya tatu haikuwa imekufa. Ilikuwa inakataa. Pawasaplai ya maana ikihisi njia ya volti 12 imepiga shoti inajizima yenyewe ndani ya muda mfupi sana, ndiyo maana feni inatikisika tu. Ile rahisi ya pili, kwa jinsi ninavyoona, ndiyo iliyokuwa inamwaga umeme mchafu kwenye bodi mpaka mosfeti moja, ile swichi ndogo ya umeme iliyo karibu na prosesa, ikatoboka. Kwa hiyo zilizokufa ni mbili, zikaiua bodi, na bodi ikaifanya ya tatu ionekane maiti. Yako inaweza kuwa hadithi nyingine kabisa, lakini kabla hujatoa hela ya bodi, nenda kwanza ukaitazame hiyo ya tatu.

Kuipima ni rahisi. Ichomoe yote kwenye kompyuta, kila plagi. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 tafuta waya wa kijani, uko peke yake. Swichi ya nyuma ikiwa imezimwa, unganisha kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, halafu washa. Ikizunguka, shika multimita, kile kipima umeme, upime njano na nyeusi: isishuke chini ya volti 11.4 wala isizidi 12.6. Nyekundu ni kati ya 4.75 na 5.25. Pawasaplai ambayo nyaya zake zote ni nyeusi itakubidi uhesabu pini: ya kijani ni namba 16. Na zipo ambazo feni haizunguki mpaka zipate joto, kwa hiyo amini multimita, siyo feni. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba ni nzima ikibebeshwa mzigo. Kinathibitisha tu kwamba haijafa, na kwa sasa hilo ndilo tunalolitafuta.

Sasa bodi. Ikiwa haina umeme wowote, prosesa imetolewa, weka multimita kwenye ohmu, upime ile soketi ya pini 4 au 8 iliyo juu karibu na prosesa, pini ya volti 12 (waya wa njano) dhidi ya pini ya ethi (waya mweusi). Bodi nzima, namba inapanda taratibu kapasita zinapojaa na inakwenda kutulia mbali, mamia ya ohmu au zaidi. Yangu ilisoma 0.6 na ikaganda hapo hapo. Nikageuza ncha, 0.6. Hiyo ni shoti, hapo hakuna tena cha kujadili. Angalizo moja: usipime kwenye zile koili za kijivu zilizozunguka prosesa ukashtuka multimita ikilia. Upande ule upinzani ni mdogo kwa asili yake, hasa prosesa ikiwa imekaa. Nimeona watu wakitupa bodi isiyo na kosa kwa kipimo hicho.

Na kabla hujaihukumu, itoe bodi kwenye kesi uipime juu ya boksi la karatasi. Ile nati ndefu ya shaba ikibaki mahali ambapo bodi haina tundu, inagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti kila siku. Fundi anaweza kuwa amebadilisha pawasaplai mara tatu bila kuigeuza bodi hata mara moja.

Tuseme umepima na bodi kweli imekufa. Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya pili, na wewe uko kwenye ukingo huo huo. Soketi ya prosesa yako ni LGA1151, na bodi za LGA1151 ziko za aina mbili zisizopatana. H110, B150, B250, Z270 na ndugu zao ni za kizazi cha sita na cha saba. H310, B360, B365, H370, Z370 na Z390 ni za cha nane na cha tisa. Prosesa inaingia vizuri tu kwenye zote, kifuniko kinafunga, feni zinazunguka, na skrini inabaki nyeusi. Mimi nilinunua B250 kwa sababu muuzaji alisema "soketi ni ile ile". Hakudanganya, soketi ni ile ile kweli. Nilishinda siku mbili nachomoa na kuchomeka RAM nikidhani nimenunua bodi mbovu. Kwa hiyo ukipata bodi yoyote, nenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, fungua orodha ya prosesa inazozikubali, tafuta i5-9400 na toleo linalotakiwa la BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Bodi za mwanzo za familia hiyo, za 2017 na 2018, zinaweza kudai BIOS mpya kabla ya kuitambua.

Kati ya hizo mbili zako mimi ningechukua B365, hata kama imetumika, kwa masharti. Siyo kwamba H310 haiwezi. Prosesa yako ni ya wati 65, H310 inaibeba. Ila H310 ina nafasi mbili tu za RAM, na njia za PCIe (barabara za data) zinazotoka kwenye chipseti yake, ile chipu kuu ya bodi, ni za toleo la 2.0, kwa hiyo ukija kuweka SSD ya kasi ya aina ya NVMe haitafika mwendo wake. Na ukipata wazo la kupanda hadi i7-9700K ya wati 95, H310 isiyo na bamba la kupozea kwenye mosfeti nisingeithubutu. Hilo bamba ndilo ninalolitazama kwanza kwenye picha ya bodi yoyote, kabla ya taa na mapambo. Kisha natazama kama kapasita ni zile fupi ngumu zenye kichwa bapa, na kama plagi ya prosesa ina pini 8 au 4. Hizo sehemu ndizo zinazopokea kipigo pawasaplai ikiyumba.

Masharti ya iliyotumika: muuzaji akupe picha ya pini za soketi kwa karibu, mwanga ukitokea pembeni. Pini moja iliyolala inaweza kuua njia nzima ya RAM. Tazama mgongo wa bodi, usikubali alama ya kuungua wala risasi mpya ya kuchomelea. Kubwa kuliko yote, iwashwe mbele yako ikiwa na prosesa yako, kwa pawasaplai yake yeye, mpaka uone BIOS. Usiende kuijaribu na ile ya kwako unayoitilia shaka, utamlipa bodi mbili. Na kama mashine yako ni ile iliyokuja imefungwa tayari na kampuni, angalia kesi na plagi kwanza, kwani baadhi hazifuati vipimo vya kawaida na bodi ya dukani haiingii.

Bodi ikishapatikana, usirudishe pawasaplai yoyote iliyokuja na kesi. Na kama utanunua ya nyaya za kuchomeka pande zote mbili, tumia nyaya zake tu. Upande wa kompyuta plagi ni za kawaida, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Niliwahi kuacha waya wa zamani wa diski kwa uvivu wa kuuvuta nyuma ya kesi. SSD ilikufa sekunde ile ile nilipowasha, na picha za miaka minne ndani yake.

Kitu kingine, tafuta mapema ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile namba ya tarakimu 48. Ukibadili bodi, Windows inaweza kuudai kabla haijafungua diski. Leseni nayo inaweza kugoma kama ilikuja na bodi ya zamani.

Upande wa ukutani, kama soketi yako haina ethi au unatumia ekstensheni moja na friji, rekebisha hilo wiki hii, kabla bodi haijafika.

Kwa hiyo usilipe bado. Nipe namba mbili: ohmu za ile soketi ya prosesa ukiwa umeitoa prosesa, na volti za waya wa njano wa pawasaplai ya tatu ikiwa peke yake. Na hiyo pawasaplai usimgawie mtu.