Viungo vinauma, mbona napimwa moyo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 44, ni fundi cherehani. Nina baridi yabisi ya vidole, viwiko na magoti kwa muda mrefu. Kliniki ya juzi daktari alinisikiliza kifuani, akasema kuna sauti isiyo ya kawaida, akaniandikia kipimo cha eko, cha picha ya moyo. Majibu yanasema valvu ya aota (mlango wa moyo unaoingia mshipa mkuu wa damu) ni nene na inavuja kwa kiwango cha wastani, nirudie baada ya mwaka. Jirani anasema ni ule ugonjwa wa utotoni unaoanzia kooni. Mimi sichoki wala sihemi. Sokoni anakwenda binti yangu kwa ajili ya magoti. Je, kurudia ni lazima? Na mionzi yake haitanidhuru?
Mama S., Tanga

JIBU: Marahaba, Mama S. Mionzi ondoa wasiwasi. Eko hutumia mawimbi ya sauti, yale yale anayopimiwa mjamzito.

Kilichonigusa katika barua yako ni soko. Unasema huhemi, lakini pia unasema sokoni huendi kwa sababu ya magoti. Valvu mbovu humtoa mtu pumzi anapopanda kilima au kubeba kikapu, nawe magoti yamekuzuia kabla hujafika huko. Tena valvu ikivuja polepole, chumba cha chini cha kushoto cha moyo hutanuka kidogo kidogo na kuvumilia miaka mingi bila kulalamika. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa viungo siridhiki nikiambiwa “sina dalili”. Nataka kuona picha. Rudia, mama. Kwa uvujaji wa wastani, kila mwaka mmoja hadi miwili ndio utaratibu.

Jirani yako ana hoja, kwani ugonjwa huo wa kooni, homa ya rumatiki, bado upo sana kwetu. Lakini homa hiyo karibu kila mara hugusa valvu ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na kingo za valvu hushikana. Soma majibu yako: mitrali imeandikwaje? Ikiwa ni nzima, na kingo za aota hazijashikana, namshuku zaidi baridi yabisi, ambayo huweza kuinenepesha valvu na hata kuiotesha vinundu kama vya viwikoni. Wapo pia wanaozaliwa na valvu ya vijani viwili badala ya vitatu. Muulize daktari wako waziwazi, maana mwenye homa ya rumatiki huenda akahitaji sindano za penisilini kila wiki 3 au 4, na kwa baridi yabisi sindano hizo hazisaidii kitu.

Siku ya kipimo utalazwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Kwa kiwiko chako hiyo ni adhabu. Mwambie mpimaji kabla hajapaka jeli, uwekewe mto, na kama viungo hukaza asubuhi omba miadi ya mchana. Mgonjwa anayejikunja kwa maumivu hutoa picha mbaya. Picha isipoonekana vizuri, unaweza kushauriwa eko ya kumeza mrija. Hapo sema mapema kama shingo inauma, kwa sababu baridi yabisi huweza kulegeza mifupa ya shingo.

Nenda na majibu ya zamani, ili wapime sehemu ile ile waliyopima mwanzo. Uliza upana wa chumba cha kushoto moyo ukiwa umekamua, asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, na upana wa aota yenyewe. Uvujaji ukiwa mkali, na chumba hicho kikizidi milimita 50 au asilimia ikishuka hadi 55 au chini yake, tunazungumzia upasuaji hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Hapa nchini upasuaji wa valvu unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hukutaja dawa zako. Kama unanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa kila viungo vinapowaka, mwambie daktari wa moyo: hupandisha presha na kuzuia maji mwilini, na valvu inayovuja haiutaki mzigo huo. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, kama unaitumia usiiache kwa hofu ya moyo.