Kufunga tovuti kwenye kompyuta ya nyumbani: anza na akaunti

Mkuu, umeuliza namna ya kuifanya kompyuta ya nyumbani ifungue tovuti chache tu za masomo, na umesema faili la hosts (lile ambalo Windows huangalia namba za majina ya tovuti) limekugomea. Mimi nilipita hukohuko mwanangu alipoingia kidato cha pili na mpwa wangu akahamia kwangu.

Kwanza hilo faili. Linakaa C:\Windows\System32\drivers\etc na jina lake halina mkia, yaani halina nukta na herufi za aina ya faili mwishoni. Nahisi ulilifungua bila haki za msimamizi, ukakataliwa kulihifadhi pale, ukalihifadhi kwingine, na Notepad ikabandika .txt bila kukuuliza. Hapo Windows hailitambui tena. Mimi herufi hizo tatu zilinila jioni nzima, maana mikia ya mafaili huwa imefichwa. Fungua Notepad kama msimamizi, kisha ulifungue faili ukiwa humohumo ndani. Ila hata likikubali, kila jina linataka mstari wake: ukiandika 0.0.0.0 facebook.com (0.0.0.0 ni namba isiyoelekea popote), bado www.facebook.com inapita na m.facebook.com inapita. Kwa mwenye watoto ni kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa nikuulize: watoto wanaingia kwa akaunti ipi? Kama ni hiyohiyo yako, yote nitakayosema hapa watayafumua dakika tano. Watengenezee akaunti ya kawaida isiyo na usimamizi, na nywila yako isiwe mwaka wako wa kuzaliwa (yangu ilikuwa hivyo, usicheke).

Ukishamaliza hilo, badilisha DNS, yaani huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Kompyuta kabla ya kufungua tovuti huuliza kwanza namba ya jina lile. Wewe unachagua wa kuulizwa. Kampuni ya Cloudflare wana DNS za familia, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, bure tangu Aprili 2020, hazitoi namba za tovuti za ngono wala za virusi. Andika ncpa.cpl kwenye Run (bonyeza Windows na R), ingia kwenye muunganisho wako, ziweke kwenye IPv4 (mfumo wa zamani wa namba za mtandao). Kama muunganisho una IPv6 (mfumo mpya), nako weka za kwao za familia, la sivyo wanapita pembeni. Akaunti ya kawaida haiwezi kuzigusa. Kama una ruta yako weka na humo, lakini sisi tunaotumia hotispoti ya simu ni lazima ziwe kwenye kompyuta yenyewe.

Hiyo haizuii TikTok wala mikeka. Kwa kuwa unataka chache tu, usihangaike kufunga moja moja: funga zote, ufungue unazotaka. Kwa Chrome, ingia regedit (programu ya kubadili mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome (isipokuwepo itengeneze), ndani yake tengeneza folda (Key) iitwayo URLBlocklist, ya zinazofungwa, yenye thamani ya maandishi (String) iitwayo 1, ndani andika nyota: *, maana yake zote. Pembeni yake tengeneza folda nyingine, URLAllowlist, ya zinazoruhusiwa: 1 ni necta.go.tz, 2 ni wikipedia.org, na kuendelea. Fanya vivyo hivyo kwenye Policies\Microsoft\Edge, kwa sababu Edge kuing'oa ni kazi. Firefox mimi niliifuta. Ukitaka kuhakiki andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani ya Chrome.

Angalizo: ukiweka hapo inabana akaunti zote, na yako imo. Asubuhi yake mama watoto alikuta barua pepe ya kazini haifunguki, na siku hiyo chai nilijichemshia. Orodhesha mapema tovuti za wakubwa.

Nilikaa kama wiki tatu nikijiona fundi. Siku moja narudi, nasikia mtangazaji wa mpira chumbani. Mpwa wangu alikuwa ameleta kivinjari cha Opera kwenye flashi kutoka kwa rafiki yake. Programu hiyo hujisakinisha kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo haikuomba nywila ya msimamizi, na ndani ina VPN yake (njia ya kupitisha mtandao kwenye kompyuta nyingine ya mbali), hivyo 1.1.1.3 nayo ikawa haina kazi. Nilimkalisha, akanionyesha mwenyewe alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa fahari kabisa. Nikaifuta, kisha nikaihamishia kompyuta sebuleni, kioo kikitazama kochi.

Kabla hujagusa regedit, hifadhi nakala kwa kutumia Export. Ukikwama, weka picha ya skrini hapa tuione.