Chombo cha maua cha mama nacho ni mirathi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yetu amefariki hapa Pangani. Baba na wazazi wa mama walitangulia. Tumebaki watatu: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu aliyeolewa Lamu. Kuna chombo cha maua cha kioo, kimechorwa mawaridi kwa mkono, mama alikirithi kwa bibi. Kaka anasema vyombo vya ndani havina mirathi, nipokee shilingi 2,000 akichukue. Nimemuuguza mama miaka tisa, na kila asubuhi nilikuwa nakipangusa mbele yake. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Mwanangu, Allah amrehemu mama. Swali lako limenikaa kifuani, maana kauli ya kaka yako naisikia matanga kwa matanga hapa Nairobi. Ploti zinaandikwa, ila dhahabu, kanga na vyombo vya kabatini vinakwenda na aliyewahi kufika.

Kauli hiyo ni batili. Suratun-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, “kikiwa kidogo au kingi”, kisha ikaliita fungu lililofaradhiwa. Kabati la sebuleni limetolewa nje ya aya hii na nani? Na kama ni kioo tu, mbona anakitaka? Hizo 2,000 kazikadiria nani? Anayenunua hawezi kuwa ndiye mthamini. Ikiwa anajua thamani na anaificha, Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kutughushi si katika sisi.

Baada ya madeni na wasia, kaka ana nusu, nanyi mabinti wawili, wewe robo na mdogo wako robo. Ingekuwa chako peke yako lau mama alikupa akiwa mzima wa afya na akakukabidhi. Kukipangusa si kukabidhiwa. Na miaka tisa ya kuuguza haiongezi fungu. Najua hilo linauma, lakini ujira wako uko kwa Asiyepoteza kazi ya mtu.

Sasa bei. Inayohesabiwa ni ya siku ya kugawana, si aliyonunulia bibi. Kipindue ukipapase chini: kovu la duara lenye kukwaruza huonyesha kilipulizwa kwa mdomo, kikavunjwa kutoka kwenye fimbo ya chuma. Pitisha kidole juu ya waridi. Rangi iliyochomwa tanuruni mara nyingi huinuka kidogo, na petali za mkono hazifanani. Kikiwa na chapa ya Chekoslovakia, hakikutengenezwa kabla ya 1918, maana nchi hiyo haikuwepo. Hata hivyo kovu na rangi havitoshi, vya kuigiza vipo vingi. Usikisugue wala kukitia maji moto. Dhahabu ya ukingoni ikibanduka, thamani imeondoka nayo. Kipelekeni kwa wathamini wawili wasiotaka kukinunua, wakati mmoja, nyote mkijua.

Tuseme wamesema 40,000. Ukitaka kibaki kwako, na moyo wako naona uko hapo, mpe kaka 20,000 na mdogo wako 10,000, au zikatwe katika fungu lako la mali nyingine. Kaka akikataa, Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili ya hayo. Lakini anza na mjomba au mzee anayemsikiliza, na umwendee bila hasira.

Zile 2,000 usizipokee. Na leo hii mpigie mdogo wako Lamu, kwa sababu katika maneno yako yote sikuona kama ameulizwa.