Kuchati kwa barua pepe: meseji hufikaje papo hapo?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Laini yangu ilipotea, na akaunti zangu za kuchati zikaondoka nayo. Rafiki kanielekeza Delta Chat, programu ya kuchati ambayo eti inatumia barua pepe. Barua pepe si huchelewa? Na wenye seva hawatasoma meseji zangu?

Jibu: Pole sana kwa laini. Rafiki yako kakuelekeza vizuri. Mimi naitumia kila siku na ndugu zangu.

SMTP, utaratibu wa seva kupokezana barua, upo tangu 1982, na seva zinazoaminiana hukabidhiana barua kwa sekunde chache. Mara nyingi anayechelewesha ni simu: programu nyingi za barua hukagua kikasha kila baada ya dakika kadhaa. Delta Chat hutumia IDLE, nyongeza ya mwaka 1997 ya IMAP, utaratibu wa simu kusoma barua zilizoko kwenye seva. Simu huacha muunganisho wazi, na barua ikitua tu, seva huitonya.

Tatizo la kweli liko kwenye ulinzi dhidi ya barua taka. Baadhi ya seva humkataa mtumaji mgeni mara ya kwanza na kumwambia arudi baadaye, kwa kuwa watuma taka wengi hawarudi. Hapo meseji ya kwanza hukawia. Tena watoa huduma huweka kikomo cha kutuma, na kundi la watu 40 wanaopiga soga hukimaliza upesi. Ndiyo maana zikatengenezwa seva za chatmail, kwa kazi hii tu. Ukifungua programu unapewa anwani humo bila kuulizwa namba ya simu.

Kuhusu kusomwa, fanya jaribio hili kwa anwani ya kawaida. Skanianeni msimbo wa QR na rafiki yako, mtumie neno "umefika?", kisha afungue kikasha chake kwenye kompyuta. Ataona anwani ya mtumaji, tarehe, mada yenye nukta tatu badala ya maneno, na kiambatisho encrypted.asc kilichojaa herufi zisizosomeka. "Umefika?" haimo. Ufunguo wa kuisoma uko kwenye simu zenu.

Lakini seva bado inajua nani kamwandikia nani, na saa ngapi. Pia anayehifadhi meseji zenu zilizofichwa, akija kupata ufunguo wako, anaweza kufungua hata za zamani. Signal, programu nyingine ya kuchati, hubadilisha funguo kadiri mnavyoongea, kwa hiyo mwandishi wa habari anayelinda watoa siri wake ningempeleka huko. Ila Signal nayo hutaka namba ya simu ili kujisajili, na wewe hapo ndipo ulipoumia.

Kwa chatmail, nenosiri na ufunguo hukaa ndani ya simu. Simu ikipotea bila nakala rudufu, anwani nayo imekwenda. Basi ukishaiweka, kabla hujaongeza mtu hata mmoja, ingia kwenye mipangilio, toa nakala rudufu uihifadhi nje ya simu, au unganisha kompyuta kama kifaa cha pili.