Unataka kulea vijana Kibirizi? Jua kwanza mwezi uko wapi

Wadogo zangu mliomaliza chuo mkarudi Kigoma mnasubiri ajira, na nyie mliokuja huku kujitolea, wiki hii wawili watatu wamenifuata wananiuliza hivi kaka kikundi cha vijana unakianzishaje, nikawaambia ngojeni niandike maana nikianza kuongea simalizi. Mi huu mwaka wa tisa. Nilianza nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na diploma yangu kwenye bahasha, nikaona badala ya kushinda kibarazani nikusanye watoto wa mtaani jioni tupige hesabu, halafu Jumamosi tufanye kazi za jamii. Basi, hakuna lingine, sikuwa na mradi wala mfadhili.

Kitu cha kwanza nilichokosea ni daftari la mahudhurio. Wiki mbili wanakuja watoto arobaini mpaka wengine wanakaa kwenye matofali, wiki mbili zinazofuata wanakuja kumi na moja, tena wamechoka wanasinzia. Nikajua hawa hawana nidhamu. Nikawapa hotuba, nikatishia kufuta majina, kijana mmoja wa kidato cha pili nikamsema mbele ya wenzake mpaka akatoka analia. Miezi minne naenda hivyo. Siku moja mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni, boti za uvuvi zinapofikia, akanisikiliza nalalamika wee, akaniuliza, "Mwalimu, kwani wewe usiku hutazamagi juu?"

Nilizaliwa Kasulu mie, ziwa nimelijulia ukubwani, kwa hiyo alinielewesha kama mtoto. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaifuata ile mwanga, sasa mwezi ukiwa mpevu taa yako inakuwa haina kazi, ziwa zima lina mwanga, kwa hiyo wavuvi wanapumzika wanashona nyavu. Mwezi ukipotea, siku za giza zikiingia, mwalo mzima haulali. Boti zinarudi alfajiri, mtoto anabeba ndoo, anaanika, anageuza, anafukuza ndege na kuku, mchana anaenda shule kama ataenda, jioni wewe unamsubiri na aljebra yako. Watoto walikuwa na nidhamu kuliko mimi, tena ya kuamka saa kumi usiku, ila ratiba yao ilikuwa inafuata mwezi na yangu inafuata Jumatatu mpaka Ijumaa.

Toka hapo nikabadilisha kila kitu. Siku za mbalamwezi tunafanya mambo mazito, hesabu, fizikia, kuandika insha, na kazi za jamii zinazotaka watu wengi. Siku za giza sisi ndo tunawafuata hukohuko mwaloni, dakika arobaini tu, tunapiga hesabu za ndoo na sado na bei ya jana na ya leo, na aliyelala aachwe alale. Kujua mwezi natumia kalenda ya msikitini, ukiona tarehe 13, 14, 15 za mwezi wa Kiislamu ujue watoto wapo. Halafu 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, watoto walijaa kila siku, lakini wengi wanakuja na njaa, nalo hilo ni somo jingine, usifikiri mtoto akiwepo basi mambo mazuri.

Rafiki yangu yuko Urambo huko Tabora, yeye mwezi wake ni tumbaku. Msimu wa kuchuma majani na kukausha kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, ukifika darasa linabaki nusu. Kwa hiyo popote ulipo uliza kwanza watoto wa hapa wanakula kwa kazi gani na kazi hiyo ina kalenda gani, kabla hujafungua hilo daftari lako jipya.

Yule kijana niliyemsema akalia hakurudi. Nilienda kwao mara tatu. Baadaye akavuka upande wa Kongo kuvua na sasa ni baba wa watoto. Mama yake nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri kabisa, anauliza watoto wangu hawajambo, na mi nakosa pa kuangalia.

Haya, kazi za jamii. Hapa ndo wageni wengi mnaharibu na sio kosa lenu sana, ni jinsi tulivyolelewa. Shuleni ukichelewa unafyeka. Ukiongea lugha ya nyumbani unafyeka. Ukipiga kelele unachota maji ya mwalimu. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alipoleta Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe na shamba ili mwanafunzi asijione ametengana na jasho la wazazi wake, lakini shule nyingi tulizopita sisi jembe liligeuka kuwa fimbo nyingine tu. Sasa mtoto kafyeka Jumatano kwa sababu kakosa, Jumamosi unamwambia njoo tufyeke zahanati kwa moyo wa kujitolea, unategemea akuelewe vipi? Kwetu sheria ni moja, hakuna anayeadhibiwa kwa kazi. Ukikosa tutakaa tutaongea, utaomba radhi, utalipa ulichoharibu, ila fagio na jembe haviguswi na mtu aliyekasirikiwa.

Na muwaulize watu wanataka nini jamani. Sisi mara ya kwanza tulikwenda kufagia soko na fulana za rangi moja na bango, tumepiga mapicha, akina mama wa mawese wakatuangalia tu, mmoja akasema kwa sauti, "Wamekuja kufagia palipofagiliwa." Ni kweli pale walikuwa wanafagia wenyewe kila asubuhi. Shida yao ilikuwa mfereji wa nyuma umeziba, unanuka, hakuna anayetaka kuingia. Bango hatujalitumia tena, tulilifanya turubai la kuanikia.

Kazi iliyotufundisha kuliko zote hatukuipanga. Kulikuwa na bibi mmoja Ujiji, macho yameisha, akamwomba binti wetu wa kidato cha pili amsomee meseji kwenye simu yake ya tochi. Ikawa kila jioni, kisha wakaja wazee wengine, hivi nisomee meseji ya mwanangu wa Dar, hivi niingizie namba za luku, hivi huyu anayesema nimeshinda pesa ni nani (mwizi huyo bibi, futa). Tukaona ni kazi, tukagawana nyumba, vijana wawiliwawili. Sasa fikiria mtoto wa miaka kumi na tano anajua nani kanyimwa hela na mwanae, nani anadaiwa, nani mgonjwa na anaumwa nini. Hakuna somo la darasani linaloweza kumfundisha kutunza siri kama hilo. Mmoja alitoa nje habari ya mzee fulani, ikazunguka mtaa mzima kwa siku moja. Tulikwenda naye tukakaa kwenye mkeka wa yule mzee, yeye mwenyewe akaeleza alichofanya, mi sikusema neno zaidi ya shikamoo. Mzee alinyamaza muda mrefu sana, mpaka kahawa ikapoa. Kisha akampa simu akamwambia haya soma za leo. Mi ningekuwa yule mzee nisingempa, nasema kweli.

Salamu hizo msizichezee nyie mliotoka mjini. Ukipita kwa mzee wa Ujiji na "mambo vipi" umeshamaliza kazi kabla hujaanza.

Pesa. Tulikuwa na kitalu cha miche ya michikichi na miembe, tukiuza tunaweka kwenye kopo la maziwa, kijana wa kidato cha tatu ndo mhazini, mwenyewe nikijisifu nimemwamini kijana. Siku ya kuhesabu pakapungua 18,500. Mwenzangu mmoja akataka tumpeleke polisi, wengine afukuzwe. Nikakaa naye pembeni, akasema amenunua unga na mafuta, baba yake boti haijapata wiki mbili. Nikajiuliza, mi na akili zangu nimempa kopo la hela mtoto ambaye kwao hawajala, peke yake, bila mtu wa kuhesabu naye, nikaita hiyo kumjenga. Kuamini mtu ni vizuri ila usimwamini kwa namna ya kumtega. Siku hizi kisanduku kina kufuli mbili, funguo ziko kwa watu wawili wasiokaa mtaa mmoja, hesabu inasomwa kwa sauti kila Jumamosi, hata yangu ya nauli inasomwa. Yeye alilipa buku buku karibu miezi mitano. Nikamrudishia kazi ya kuandika daftari, wazazi wengine walinuna na mmoja akamtoa mwanae. Hesabu zake mpaka alipomaliza shule hazikupishana hata mia.

Kuhusu maneno ya kutia moyo punguzeni. Mi nilikuwa na hadithi yangu naipenda sana ya Liemba, ile meli ya zamani ya ziwa letu, nawapeleka mpaka bandarini, nawaambia Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, wakapaka injini grisi kwanza, Waingereza wakaja kuiinua 1924, ikatengenezwa ikarudi kazini 1927, kwa hiyo na nyie mliofeli kidato cha pili mnaweza kuinuka. Kijana mmoja akanyoosha mkono, "Kaka, na sisi tukae chini ya maji miaka minane?" Walicheka mpaka nahodha mmoja akatoka kuangalia kuna nini. Yule alikuwa hataki hadithi, alikuwa anataka mtu wa kumwelekeza sehemu zile za hesabu alizoachwa nyuma toka darasa la tano. Tulirudi tukaanza na sehemu, robo na nusu, kwa kukata samaki, mgebuka.

Ada ilifutwa toka 2016 kwa sekondari mpaka kidato cha nne, na cha tano na sita ikafuata 2022, kwa hiyo mtu wa mbali anadhani shida imeisha. Sare, daftari, viatu, hela ya chakula, bado vipo. Ila msiwe mnagawa gawa vitu ovyo, utajikuta watoto wanakuja kwa ajili ya daftari na yule asiyepata anakuona una upendeleo. Sisi daftari zinatoka kwenye miche, na wanaamua wenyewe nani anahitaji zaidi, huwa wanaamua vizuri kunizidi maana wanajua nani anadanganya.

Hili lingine sitanii nalo. Usikae na mtoto peke yako chumbani, wa kike au wa kiume, hata kama nia yako ni njema kama maziwa. Mlango wazi, watu wazima wawili, mzazi anajua mko wapi na mnarudi saa ngapi, mwenyekiti wa mtaa ana majina yenu. Kwenda ziwani hakuna kuoga bila mtu mzima anayejua kuogelea, ziwa hili linashuka ghafla, hatua mbili uko kwenye maji marefu. Na mtoto akikueleza jambo baya analofanyiwa nyumbani au popote, usijifanye mpelelezi na usiende kumgombeza mhusika, utamponza. Afisa ustawi wa jamii yupo, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na namba 116 ni ya bure. Msikilize, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana hiyo ahadi huwezi kuitunza. Mabinti waliojifungua nao toka mwisho wa 2021 wanaruhusiwa kurudi shule, akija kwenu na mtoto mgongoni mtafutieni pa kumlaza mtoto, maswali mengine hayawahusu.

Mtaniuliza idadi. Anza na wachache. Marehemu Mama Jane Goodall, aliyekuja hapo Gombe 1960 kuangalia sokwe, ule mtandao wake wa vijana wa Roots & Shoots ulianza 1991 Dar es Salaam na wanafunzi kumi na wawili wamekaa barazani kwake, sasa hivi uko nchi kibao. Mi nilianza na arobaini kwa sababu nilitaka kuonekana, na karibu wote niliwakosea jina mwaka wa kwanza.

Na we mwenyewe ukichoka sema umechoka, ondoka vizuri, aga. Tumepata wa kujitolea wanne hapa waliopotea bila kuaga, na kila mara kuna mtoto mmoja anakuja jioni nzima anauliza yule dada anarudi lini, na mi sina jibu, nasema yuko safari. Ukijua una miezi mitatu waambie siku ya kwanza nina miezi mitatu, watakupangia kazi za miezi mitatu.

Mwenye nia ya kuona aje, wiki ijayo mwezi unaanza kufa na boti zinashuka majini. Njoo mwaloni saa kumi na mbili asubuhi uliza walipo watoto wa hesabu, uvae ndala za zamani, pale panateleza kwa magamba, na usije na kamera.