Nyuma Kunawaka, Uso Giza: Maswali Yenu ya Picha za Nje

Nilimpiga picha bi harusi Coco Beach, Dar es Salaam, saa mbili asubuhi. Bahari imetoka vizuri, uso giza tupu. Kamera imeharibika?

Kamera ni nzima. Inapima mwanga wa fremu yote na kuuvuta kwenye kijivu cha wastani. Maji na anga vikijaa, inapunguza mwanga, na anayelipia ni bi harusi. Bonyeza kitufe cha +/- uongeze mwanga hatua moja hadi mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili). Au weka upimaji wa doa, kamera ipime sehemu ndogo tu, uelekeze shavuni, ila kwa ngozi nyeusi punguza kama hatua moja, maana kamera itataka kuigeuza kijivu nayo. Anga likiungua likawa jeupe tupu, liungue. Hakuna aliyelipia anga.

Lakini kosa kubwa lilikuwa saa. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya mtu wako, juu ya maji. Rudi saa kumi na moja jioni: jua limehamia upande wa mji, bahari imetulia kuwa buluu, uso unapata mwanga wa pembeni, laini. Forodhani ya Zanzibar ni kinyume, jua linazama baharini. Mnabeba mikoba ya lenzi na hamjui mashariki iko wapi.

Nikinunua lenzi ya f/1.4, yenye tundu linalofunguka sana, mandhari ya nyuma itaacha kusumbua?

Itakuwa na ukungu, si giza. Bati linalometa nyuma ya kichwa litageuka duara kubwa jeupe, na jicho litalikimbilia vilevile. Tena jua kali kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) linataka takriban f/16, tundu dogo, na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/1.4 unahitaji shata karibu 1/13000, na kamera nyingi zinaishia 1/4000 au 1/8000. Sogea kwa miguu hatua tatu kushoto. Ni bure.

Kamera gani nzuri kwa anayeanza?

Uliyo nayo. Na msiniulize tena.

Napiga chini ya mwembe lakini uso unajaa madoa ya jua, na uwanja nyuma unawaka.

Hili ndilo swali la maana leo. Watu wakiambiwa "tafuta kivuli" wanaingia kokote penye majani. Kivuli cha majani machache ni chandarua kilichotoboka. Tafuta kivuli kizima: ukuta, baraza, upenu. Mweke mtu karibu na ukingo, uso uelekee anga wazi, halafu wewe uzunguke mpaka nyuma yake paonekane kitu chenye giza kuliko uso: shina la mti, ukuta usiopigwa na jua, mlango ulio wazi wa chumba kisichowashwa taa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa milango hiyo, ila piga hodi kwanza. Ile ni nyumba ya mtu, si studio yako.

Angalia pia chini. Mchanga mweupe na saruji vinarudisha mwanga mzuri kidevuni, nyasi zinatupa ukijani. Pakikosekana, mpe mtu ashike manila nyeupe usawa wa kifua. Usitumie karatasi ya kung'aa ya jikoni, utampofusha.

Mteja anasema ametoka mweusi mno. Nimng'arishe?

Kama uso umekosa mwanga, ongeza mwanga. Kama umepata mwanga na rangi ndiyo hiyo, acha. Kwa miongo mingi Kodak, kampuni ya filamu, ilisambazia maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke mzungu, na picha zetu zikasafishwa kwa kipimo cha ngozi yake. Leo tunajifanyia wenyewe kwa kidole kwenye simu, tena tunatoza pesa. Mteja akishikilia ang'arishwe, mpeleke kwa mwingine.

Fleshi mchana, inasaidia?

Sana, ukiwa karibu. Usipite 1/200 au 1/250 ya shata kwa fleshi ya kawaida, utapata ukanda mweusi kwenye picha. Na ipunguze nguvu: mwanga wa fleshi ukionekana, umezidi.

Sina kamera, natumia simu.

Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ufunge mwanga hapo, piga. Kabla ya hapo futa lenzi kwa kitambaa safi. Huo "ukungu wa jua" mnaonitumia kila wiki, mwingi ni mafuta ya vidole.