Kabla hujaloweka nguo za nyanya, toa uzi kwanza

Mwaka jana shangazi alinitumia mzigo kwa basi kutoka Mombasa, sanduku dogo la mbao lenye nguo za marehemu nyanya: kaniki moja, leso nyekundu imechanika pindoni, na kitambaa cha kichwa ambacho nyanya alikitia rangi mwenyewe kwa manjano ya jikoni. Nafanya kazi kwa maabara ya kemia hapa Nairobi, kwa hivo swali lake lilikua moja tu, mwanangu, hizi ni rangi za asili kweli ama ni za kiwandani?

Nguo zilikua na harufu ya sanduku nikaona niloweke kile kitambaa kidogo tu na sabuni ya kipande, na papo hapo kikageuka chekundu kama damu. Nilishtuka sana. Rangi iliyo ndani ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni au kitu chochote cha alkali, ndo maana doa la pilau kwa kanzu nyeupe huwa linawaka hivo ukilipaka sabuni. Nilisuuza mara nyingi njano ikarudi lakini hafifu, na sehemu nzuri ya rangi ilikua imeenda na maji. Ile rangi nyanya aliweka kwa mikono yake. Mpaka leo inaniuma, na ndo sababu naandika hii.

Kwa hivo usifue. Usianike juani pia, manjano hufifia haraka sana kwa mwanga. Tafuta mahali uzi umeshaachia wenyewe, pindoni ama nyuma ya mshono, ukate kipande cha nusu sentimita hivi kwa kila rangi, uweke kwa karatasi safi nyeupe iliyokunjwa na uandike kwa penseli, kalamu ya wino huvuja. Kata viwili, kimoja kibaki nyumbani.

Huo uzi unatosha kabisa. Maabara wanauchemsha kidogo kwa asidi ili rangi iachane na pamba, halafu kile kimiminika kinapitishwa kwa mashine ya kromatografia, kila rangi inatoka kwa wakati wake na mashine inasoma vile inavyonyonya mwanga. Hapa uliza swali moja muhimu sana, mnatumia asidi gani? Njia ya zamani ni asidi kali ya haidrokloriki, inatoa rangi vizuri lakini inavunja sukari zilizoshikana na rangi za mimea, na mara nyingi hizo sukari ndo zingekuonyesha ni mmea gani. Asidi ya upole kama ya fomiki inaziacha.

Ile leso nyekundu ndo ilinifurahisha. Mizizi ya mmea unaoitwa madder, ambao watu wa Ulaya na Asia walitumia karne nyingi kupata nyekundu, huwa na rangi mbili kubwa pamoja, alizarini na papurini. Kwa uzi wetu ilitoka alizarini peke yake, papurini hakuna hata kidogo, na hiyo ni dalili ya alizarini ya kiwandani, si ya mizizi. Alizarini ya kiwandani ilitengenezwa mara ya kwanza na Graebe na Liebermann huko Ujerumani mwaka 1868, kwa hivo hiyo leso karibu hakika ni ya baada ya hapo. Angalia vizuri, jibu hilo linakuambia haiwezi kua ya kabla ya mwaka fulani, halikuambii ilitengenezwa mwaka gani, na mtu akikuuzia leso huku Biashara Street akisema maabara imethibitisha mwaka kamili kwa rangi pekee, usimpe pesa.

Kaniki ni ngumu zaidi. Rangi yake ya buluu ni nili, na nili ya mmea na nili ya kiwandani, ambayo kampuni ya Ujerumani BASF walianza kuuza 1897, ni molekuli ile ile, kwa hivo mashine inasema ni nili na inaishia hapo. Wengine huangalia kiasi cha indirubini, rangi nyekundu inayoandamana na nili, lakini mimi singeapa kwa hiyo peke yake.

Kama unataka kujua dawa iliyoshikisha rangi kwa uzi, kama chuma ama shabu (chumvi ya alumini), hiyo ni kazi ya mashine nyingine ya eksirei ambayo haikati kitu. Inaona chuma vizuri, ila shabu huwa inaikwepa kwa sababu alumini ni nyepesi, usikubali waseme hakuna shabu kwa sababu tu mashine ya mkononi haikuiona. Chuma ujue mapema hata kama rangi haikuhusu, maana ndo hula nyuzi nyeusi zikakatika zenyewe, na nguo kama hiyo inalazwa, haitundikwi.

Shangazi nilimpigia nikamweleza yote, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kile kitambaa cha manjano kiko wapi. Nilimwambia ukweli. Uzi wake wa pili, ule uliokua umeachia kabla sijakiloweka, upo kwa chupa ndogo kabatini, gizani, na bado ni njano kali.